Dirisha la Kushoto

Kazi yangu ni kuchora samaki.
Ghorofa ya tatu, Niigata, juu ya duka la miwani,
tuko watu sita na birika moja,
tunatengeneza mchezo wa kuvua kwa vidole:
unatupa ndoano kwenye skrini, unangoja,
kidhibiti kinatetemeka kiganjani kama kifaranga,
unavuta, unalegeza, unavuta,
na samaki akipanda
hufungua kinywa, na kinywani mna picha.
Samaki mmoja, picha moja.
Ukiwavua wote arobaini na wanane umesoma hadithi,
wala hapana neno hata moja lililoandikwa.

Bwana Igarashi aliniambia: chora ziwa lolote.
Lolote!
Kana kwamba mtu huzaliwa akachaguliwa maziwa.
Nikachora la Kuzunose.

Nilikuwa na miaka saba walipofunga bwawa.
Maji yakimwagika hayazoleki, wasema.
Yetu yalizoleka, tone kwa tone,
yakapanda ngazi za shule,
yakaingia jikoni kwa Bi Hatsue bila kuvua viatu.
Baba alipokea fidia ndani ya bahasha ya kahawia,
akanunua nyumba mjini, karibu na reli,
na tangu hapo hajakitaja kijiji kwa jina.
Husema tu: kule.

Basi katika mchezo wangu, chini ya mashua, kuna mapaa.
Trauti hupita madirishani.
Mkunga amejikunja ndani ya kengele ya shule.
Kambare mzee, mwenye sharubu za mkaguzi wa kodi,
analinda cherehani ya mama.
Wajaribu wetu walilalamika: samaki wachache, mapaa mengi.
Bwana Igarashi akaniomba nipunguze mapaa.
Nikaongeza mawili.

Agosti, siku za Obon,
wafu wanapokaribishwa nyumbani
na walio hai wanapobanana kwenye treni,
nilimpelekea baba mchezo.
Tokuzo, miaka themanini na mmoja,
aliyekuwa tarishi wa posta wa bonde zima.
Alikishika kidhibiti kwa mikono miwili
kama bakuli la supu ya moto.

Hakutupa ndoano.
Aliiendesha mashua polepole,
juu ya barabara iliyozama,
akasimama. Akaenda. Akasimama.
Samaki walimzunguka, wanono, wa bure.
"Baba, bonyeza hapo, uvue."
"Ngoja. Kwa akina Shirahama bado."

Ndipo nikaelewa.
Hakuwa akivua.
Alikuwa kazini.

Nyumba baada ya nyumba, hadi daraja la mbao,
hadi mlango ambao niliuchora kwa kubahatisha,
kwa sababu mtoto wa miaka saba hukumbuka vitasa tu.
Hapo akanigeukia, uso wote buluu kwa mwanga wa skrini:
"Umekosea."
"Wapi?"
"Dirisha la Hatsue. Lilikuwa kushoto.
Barua zake alizipokelea hapo, mikono imejaa unga,
akinishikisha kwa vidole viwili, hivi."
Akanionyesha hivi.

Saa nane ya usiku alikuwa bado anazitaja nyumba,
nami naandika nyuma ya bili ya umeme:
nani alipata barua kutoka Brazili,
nani hakupata kitu miaka kumi
na bado alitoka nje kila asubuhi kumwamkia.
Hakuvua hata samaki mmoja.
Hadithi niliyoichora miaka miwili
hakuiona hata picha ya kwanza.

Jumatatu nikalihamisha dirisha.
Katika taarifa ya toleo jipya niliandika:
marekebisho, dirisha moja.
Wachezaji wote, sijui ni elfu ngapi,
hakuna aliyeuliza.

Jumamosi simu ikalia. Hakusalimu.
"Yule mbwa wa Hatsue," akasema,
"mkia wake ulikuwa mfupi."

Sikuwa nimechora mbwa yeyote.